Chumba Kilichopumzishwa

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa, mwezi wa sita, asubuhi, chai ya wakubwa ikiwa bado inatoa moshi mezani. Siku hiyo mwanamke ambaye jengo zima la panya walimwita Shangazi alifungua mlango wa chumba namba tatu, akainama kwenye vizimba vya upande wa kulia, akakuta vitoto vyote vimekufa. Havikuwa na jeraha. Vilikuwa vimelala juu ya maranda, vyekundu, kila kimoja kama ncha ya kidole, na mama zao wamekaa pembeni wakijilamba mikono kama watu waliomaliza kula.

Kufika Ijumaa, Shangazi alikuwa ameshageuzwa mhalifu. Ndivyo inavyokwenda kwenye majengo kama yale. Kitu kikiharibika, swali la kwanza huwa ni nani anashika ufagio.

Aliyetumwa kumchukua alikuwa Sajini mmoja wa makamo, mjane, ambaye kituoni walimwita Taratibu. Alipewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, na pia kwa sababu akishauliza swali hukaa kimya mpaka mwenzake achoke na kimya hicho. Mkuu wa kituo alimweleza kazi yenyewe akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Alisema kuna mama amehujumu maabara, mkurugenzi ni mtu wa watu, kwa hiyo Taratibu aende amlete kabla ofisi hazijafungwa. Maelezo ya mashtaka yalikuwa yameandikwa tayari. Ilikuwa kazi ya kubeba, wala haikuhitaji kufikiri.

Jengo lilikuwa refu, jeupe, na chini halikuwa na dirisha hata moja. Feni zake zilivuma kwa sauti ya chini iliyomwingia Taratibu miguuni kabla haijafika masikioni. Juu, ambako wakubwa walikaa, kulikuwa na kioo kipana na zulia. Mkurugenzi, ambaye hata walinzi wa getini walimwita Bosi, alimkaribisha kwa mkono laini na kuanza kueleza kabla hajaulizwa.

Alisema panya wale si panya wa stoo. Ni uzao mmoja uliolelewa miaka mingi kwa ajili ya kujaribu dawa ya homa ya watoto. Mwezi uliopita walinunua majike mapya kutoka ng'ambo, safi, yaliyopimwa, ili kuongeza damu. Majike yale yakazaa, na vitoto vikafa vyote. Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Na Shangazi alikuwa na sababu: mwezi wa nne aliomba ruhusa ya kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, akanyimwa, akatoka ofisini akisema, "Mtaona." Mlinzi wa getini naye alimwona si mara moja akiwa na mfuko.

Taratibu aliuliza mfuko ulikuwa unaingia au unatoka. Bosi akasema mfuko ni mfuko.

"Kwa sasa tumempumzisha kazi," Bosi alisema. "Na saa kumi jioni tutawapumzisha wote wa chumba namba tatu."

"Mnawapeleka wapi?"

"Hatuwapeleki popote, Sajini. Tunawaua. Kwa gesi, halafu tanuri."

"Mbona usiseme kuua?"

Bosi akatabasamu, akasema ni lugha ya kazi.

Taratibu aliangalia nje ya kile kioo kipana. Chini uwanjani bomba la tanuri lilikuwa limeanza kutoa mvuke mwembamba, unapanda bila haraka. Aliona kwamba kinachokwenda kuchomwa saa kumi ni kila kitu ambacho kingeweza kumtetea yule mama, au kumfunga. Akasema anataka kuona chumba kwanza. Bosi alitazama saa, akasema haoni faida, ila kama ni utaratibu basi, daktari wa wanyama atampeleka.

Daktari alikuwa binti mwembamba, mwezi wake wa tatu kazini, miwani yake ikiingia ukungu kila alipopumua ndani ya barakoa. Alimvalisha Taratibu ovaroli nyeupe, akampa mifuko ya kuvalia juu ya viatu, glavu, kofia na barakoa. Taratibu alijiona kwenye kioo cha mlango, hakujitambua. Alifanana na mtu aliyekwishalazwa. Waliingia kwenye kijichumba, mlango ukafungwa nyuma yao, hewa ikawapuliza kichwani na mabegani, kisha mlango wa pili ukafunguka wenyewe.

Ndani kulikuwa usiku.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua limewaka nje, lakini mle taa zilikuwa nyekundu, hafifu, na kila kitu kilionekana kama kinatazamwa kutoka ndani ya kope la mtu aliyefumba macho juani. Daktari alimweleza kwa sauti ya chini kwamba panya huamka usiku, na watu hufanya kazi mchana, ndiyo maana chumba hiki kinageuziwa saa. Panya haoni nyekundu. Anadhani ni giza, anacheza, nanyi mnamtazama.

"Kwa hiyo hawajui kama tupo," alisema Taratibu.

"Wanatusikia tu, mzee."

Vizimba vilipangwa kama rafu za duka, kushoto na kulia, katikati njia nyembamba. Mamia ya miguu midogo ilikuwa ikitembea kwenye maranda, na sauti ile ilikuwa kama karatasi nyingi zinazokunjwa mahali pa mbali. Taratibu alitembea mwendo wake uleule, na kwa mara ya kwanza mwendo ule ulionekana kumfaa mahali alipo. Alihisi kwamba akiharakisha ataamka.

Akauliza ni nini kilichoua. Daktari alijibu bila kuficha. Ni kirusi cha matumbo. Kinatoka kwenye kinyesi, kinakaa kwenye maranda, kinapanda kwenye glavu, kinahamia kizimba cha pili, hata vumbi likiruka kinaruka nalo. Panya mzima hakimwangushi. Anaharisha kidogo, pengine hata haharishi, baada ya wiki chache mwili unakishinda. Anayekufa ni mtoto mchanga.

"Sasa kama mwili unakishinda, kinaishi wapi?"

"Hakikai kwa mmoja. Kinahama. Kabla huyu hajakishinda, kimeshampata mwingine ambaye hajawahi kukiugua."

"Kama mpangaji anayehama kabla mwenye nyumba hajamjua sura."

Macho ya daktari yalicheka juu ya barakoa. "Ndiyo huyo. Na nyumba mpya kwake ni watoto. Panapozaliwa kila siku, hakosi pa kuhamia."

Upande wa kulia ndipo walipowekwa wale majike wa ng'ambo. Kwenye vibao vyao watu walikuwa wameandika neno moja tu, Wageni. Upande wa kushoto walikaa wa siku zote. Kwa maelezo ya Bosi, mtu alichukua maranda machafu kutoka mahali fulani akayatia kwenye vizimba vya wageni, na mtu huyo lazima awe yule mwenye ruhusa ya kushika maranda. Yalikuwa maelezo mazuri. Yalikuwa na kosa moja, nalo Taratibu alilikuta amesimama mbele ya rafu za kushoto.

Ndani ya kizimba kimoja jike lilikuwa limejikunja juu ya kitu kinachotikisika. Taratibu aliinama.

"Hawa nao wana watoto?"

"Wanao."

"Wazima?"

Daktari alitoa kile kizimba, wakarudi nacho kwenye kijichumba cha nje penye taa nyeupe na meza. Alilisogeza jike kwa kidole, akachukua kitoto kimoja na kukiweka kwenye kiganja cha glavu. Kilikuwa uchi, ngozi yake nyembamba hata matumbo yalionekana, na upande wa kushoto wa tumbo kulikuwa na doa jeupe, nene, linalong'aa kama mwezi uliotazamwa kupitia pazia.

"Hayo ni maziwa," alisema daktari. "Tumbo lake limejaa. Huyu amenyonya asubuhi hii. Wale waliokufa walikuwa weusi hapa. Watupu."

Taratibu alikitazama kile kitoto kwa muda. Kilikuwa kinapiga mateke hewani polepole, kinaota labda. Watu wa chumba kimoja, hewa moja, mikono ileile inayowalisha. Wa kulia wamekufa wote, wa kushoto wanalala wameshiba.

"Binti yangu, kama mtu ameingiza ugonjwa mpya humu, hawa wa kushoto nao si wangekufa?"

"Wangekufa."

"Mbona hawakufa?"

"Kwa sababu ya haya maziwa." Alikirudisha kitoto chini ya mama yake. "Mama aliyewahi kuugua kirusi hiki anampa mwanawe kinga kwenye maziwa. Mama ambaye hajawahi kuugua hana cha kutoa. Mtoto anabaki hivihivi."

Taratibu akakaa kimya, na safari hii kimya hakikuwa mbinu. Kwa hiyo wageni walikuja safi kweli. Wao ndio waliokuwa hawajui lolote. Ugonjwa waliukuta, upo kwa wenyeji, umetulia, umekunjika ndani ya nyumba ambayo vibao vyake vyote vinasema salama. Hakuna aliyeuleta tarehe tisa. Tarehe tisa ndiyo siku ulipoonekana tu.

Alimuuliza daktari kama alimwambia Bosi. Daktari alisema alimwambia Jumanne ileile jioni, akajibiwa kwamba asubiri majibu ya vipimo kutoka nje, na kwamba mtu aliye kwenye majaribio ya ajira asitangulie majibu. Baada ya hapo alinyamaza. Alikuwa na mdogo wake anayemsomesha.

"Hawa mama wa kushoto," Taratibu alisema, "waliugua lini?"

"Mwaka jana mwishoni kulikuwa na mlipuko. Mimi sikuwepo. Baada ya hapo chumba kilipumzishwa, Januari na Februari yote."

"Kilipumzishwa ndiyo kuuawa?"

"Hapana, hiyo ni nyingine. Kupumzisha chumba ni kutenganisha madume na majike wasizae. Hakuna kuingiza, hakuna kutoa. Kirusi kinazunguka kwa waliopo, kila mmoja anaugua na kupona, kikitafuta mtoto wa kuhamia hakipati. Kinakwisha chenyewe. Mwezi wa tatu walipima panya walinzi, wakawa wasafi. Chumba kikafunguliwa."

Taratibu hakujua panya walinzi ni nani. Daktari akamweleza kwamba ni panya wachache wanaowekwa kizimba cha chini kabisa cha kila rafu. Kila wiki wanatiliwa maranda machafu kidogo kidogo kutoka vizimba vingine vyote. Wanalala kwenye uchafu wa jirani zao, na kama jirani ana ugonjwa, wao wataupata. Huwezi kupima mamia. Unapima hao, kila baada ya miezi mitatu.

"Sasa huyu mama tuliyemtoa," Taratibu alionyesha kile kizimba mezani, "ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Alizaliwa lini?"

Daktari alihesabu kwa vidole vya glavu, akirudi nyuma, Mei, Aprili, Machi, na kidole cha nne kikabaki kimesimama peke yake. Miwani yake iliingia ukungu wote, akaacha kuhesabu.

"Februari," alisema.

Feni zilivuma. Yule mama wa miezi minne alikuwa anakusanya maranda kwa mdomo, anafunika wanawe.

Kilichofuata hakikumfurahisha Taratibu, maana kilimwelekea Shangazi kuliko hata hadithi ya Bosi. Kama Februari panya walizaa kwenye chumba kilichokatazwa kuzaa, basi kuna aliyevunja amri. Na mwenye ufunguo wa chumba kile, mchana na wikendi, alikuwa mtu mmoja tu.

Walimkuta chumba cha kufulia, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakunja ovaroli ambazo hakuna aliyemwomba azikunje. Mlinzi wa getini alikuwa amewekwa mlangoni kumchunga, naye alikuwa amechoka kuchunga mtu anayefanya kazi. Mvuke wa mashine ulijaa mle, mweupe, wa uvuguvugu, ukawafanya wote waonekane kama watu waliochorwa kwa chaki kisha wakafutwa nusu.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni. Alipomwona Taratibu hakusimama.

"Wewe ndiye umekuja kunibeba, kaka? Mbona umekuja peke yako? Mimi nina uzito."

Taratibu alisema amekuja kuuliza kwanza. Akaanza na mfuko. Shangazi akacheka kwa pua. Mfukoni mlikuwa na maranda mapya yaliyobaki chini ya magunia, yale ya kutupwa, anawatandikia kuku wake wanaotaga. Mlinzi akadakia kwamba kuku wale wanalala kwenye godoro zuri kuliko lake. Daktari akasema kuku hawaugui kirusi hiki, na mfuko ulikuwa unatoka, hauingii. Habari ya mfuko ikaishia hapo, ingawa kwenye maelezo ya mashtaka ilikuwa imechukua nusu ya karatasi.

Na "mtaona" je? Shangazi alikunja mguu wa ovaroli, akaulaza juu ya mwingine.

"Nilisema wataona watakavyohangaika wiki moja bila mimi. Binti yangu amezaa mtoto wa kwanza, mama yake yuko huku anabadilishia panya maranda. Wewe ungesema nini? Asanteni?"

"Ningesema zaidi ya hapo."

"Basi."

Taratibu alichutama mbele yake ili macho yao yawe sawa. Magoti yalilia. Akamuuliza mwaka huu mwanzoni, Bosi alipoagiza kuhusu chumba namba tatu, alisemaje hasa, neno kwa neno.

Shangazi hakuhitaji kufikiri. Bosi alikuja hadi kwenye kioo cha mlango, hakuingia, maana kuvaa ovaroli humkunja suti. Alikuwa anawahi uwanja wa ndege. Alibonyeza kile kidude cha kuongelea, akasema, "Shangazi, kipumzisheni hiki chumba miezi miwili," akaonyesha vidole viwili, akaenda zake. Daktari wa zamani alikuwa ameshaacha kazi, wa sasa hajaajiriwa. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikakipumzisha." Alimtazama kama anayemshangaa. "Mimi nimekulia shamba, kaka. Shamba likipumzishwa huliendei na jembe. Unaliacha. Linaota linachoota, hulisumbui. Nikaacha kukoroga dawa kali sakafuni. Nikaacha kuwahamisha hamisha vizimba. Redio nilizima. Nilikuwa naingia kwa vidole vya miguu, nawapa chakula, nawapa maji, maranda yakilowana sana natoa, natupa moja kwa moja. Wanyama walikuwa wameugua, wameteseka. Nilijua angalau mara moja Bosi amewahurumia."

"Madume ulitenga?"

"Nitenge ili iweje? Si tumeambiwa wapumzike?"

Daktari aliweka mkono kwenye ukuta. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama katika miezi ile miwili aliwapelekea panya walinzi maranda machafu.

"Nao si walikuwa wanapumzika, binti?"

Basi yote yakawa wazi, na hapakuwa na mtu wa kumshangilia. Panya walinzi walionekana wasafi kwa sababu hakuna aliyewapelekea uchafu. Chumba kilionekana kimepona kwa sababu kiliachwa kilale. Na ndani ya usingizi ule, kwenye mwanga mwekundu, vitoto vilizaliwa wiki baada ya wiki. Maziwa ya mama yaliwalinda kwa muda, kisha wakaachishwa, kinga ikapungua, kirusi kikawaingia taratibu bila kuwaua, kikahama, kikahama tena, hadi kikafikishwa salama mwezi wa tano, ambapo wageni waliletwa na kuwekwa rafu ya kulia.

Mlinzi aliuliza kwa nini basi Shangazi hakuuliza maana. Lilikuwa swali la haki. Ila Taratibu alijua jibu lake, na alilijua vibaya. Miaka sita nyuma alikuwa amesimama kwenye varanda ya hospitali, chupa ya uji mkononi, na mganga mkuu aliyekuwa anapita na wanafunzi wake akamwambia bila kusimama, "Mama amepumzika." Taratibu alishukuru. Alikaa kwenye benchi, akafunga vizuri kifuniko cha chupa ili uji usipoe, akasubiri mkewe aamke. Alikaa pale mpaka wafagiaji walipomwonea huruma. Mganga yule yupo hadi leo. Amepandishwa cheo.

Neno la mkubwa halirudishwi kuulizwa. Linapokewa lilivyo, kila mtu analitia maana aliyonayo nyumbani kwake.

Alisimama, magoti yakalia tena. Akamuuliza Shangazi jambo la mwisho, na aliuliza kama mtu anayeokota kitu njiani bila kukitafuta. Vile vitoto vya Januari na Februari, vilipokua, vilikwenda wapi?

Shangazi akamjibu. Taratibu akamwomba arudie, mbele ya daktari na mlinzi, kisha akamwambia avae viatu vyake vya kawaida waende juu.

Ofisi ya Bosi ilikuwa imejaa mwanga mpaka Taratibu akalazimika kukunja uso. Mvuke wa tanuri sasa ulikuwa mnene, unapita mbele ya kioo kama wingu lililopotea njia. Bosi alikuwa kwenye simu. Alipomwona Shangazi bila pingu, alimpa Taratibu ile simu kwa vidole viwili. Ilikuwa sauti ya mkuu wa kituo, ikiuliza kama yule mama ameshapanda gari.

"Yuko hapa mbele yangu, afande," alisema Taratibu. Akabonyeza simu isikike na wote, akailaza mezani katikati ya makabrasha.

Alieleza kwa ufupi. Wa kulia walikufa kwa kukosa kinga, wa kushoto walipona kwa kuwa nayo. Ugonjwa haukuingia mwezi huu, haukuwahi kutoka. Mama za kushoto walizaliwa Februari. Daktari aliulizwa kama ni kweli. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa, akasema ni kweli. Alilisema akimtazama Bosi, na Taratibu alijua kwamba kwa neno hilo ameiweka rehani ada ya mdogo wake.

Bosi hakupandisha sauti. Watu wa namna yake hawana haja. Alisema anashukuru kwa uchunguzi, na kwamba uchunguzi umethibitisha alichosema tangu mwanzo. Chumba kiliamriwa kupumzishwa. Kila mtu wa kazi hii anajua kupumzisha ni nini. Mfanyakazi huyu alikaidi, akaficha, akawaacha panya wazae kwa siri miezi miwili, akaidanganya taasisi nzima. Kama si hujuma, ni nini? Mashtaka yabaki. Na saa kumi ibaki.

"Umesikia, Taratibu," ilisema simu. "Mlete huyo mama."

Shangazi alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, polepole, kama anayejikumbusha, kwamba hajawahi kumbeba mjukuu wake.

"Namleta, afande," alisema Taratibu. "Nina swali moja tu la kufunga jalada. Bosi akilijibu, dakika hiyohiyo namtia garini."

Bosi akafungua kiganja, kumaanisha uliza.

Taratibu aliuliza kwanza mambo madogo, ambayo kila mmoja aliyajua. Majaribio ya dawa yanafanyika ghorofa hii? Yanafanyika ghorofa hii. Yanaongozwa na nani? Na Bosi mwenyewe. Yanatumia panya wa umri gani? Walioachishwa kunyonya karibuni, alisema Bosi, wakubwa hawafai. Uzao ule unapatikana chumba kingine? Haupatikani, wala duka lolote haliuuzi. Majaribio yalisimama Januari na Februari? Bosi alifungua mdomo, akatazama simu iliyolala mezani, akasema hawakuweza kusimamisha, kulikuwa na ratiba ya wafadhili.

"Shangazi anasema kengele ya lifti ya mizigo ililia kila Jumatatu ya miezi ile. Kizimba kitupu kinashuka, kina kibandiko cha idadi mnayotaka. Yeye anajaza walioachishwa kunyonya, anakipandisha. Hakuna siku kilirudishwa na neno."

Kwenye simu ilisikika pumzi ya mkuu wa kituo, na nyuma yake kalamu inayogongwa mezani, kisha kalamu nayo ikaacha. Mvuke ulipita mbele ya kioo, ukafunika uwanja wote, ofisi ikawa nyeupe kama inaelea. Taratibu hakuwa na haraka. Alivuta kiti, akampa Shangazi akae, yeye akabaki amesimama.

"Chumba kimepumzika, mkurugenzi. Hakuna dume lililo na jike. Hakuna anayezaa. Na kila Jumatatu unaletewa watoto hapa juu, unawahesabu, unawatumia. Ulidhani wanazaliwa wapi?"